Wageni wa Theluji: Jinsi ya Kuwapokea Nakuru Desemba Hii

Kila mwaka mahindi ya Njoro na Rongai yakianza kuvunwa, maswali haya hunijia kwa simu, kanisani, hata kwa kinyozi. Ndugu yangu anatoka Minnesota na watoto watatu, niwapitishe barabara gani? Binti yangu ana siku kumi na mbili tu na ukoo mzima unataka kumwona, nimgawe vipi? Wajukuu wamezoea kuteleza kwenye theluji kila Desemba, hapa Lanet nitawaonyesha nini wasishinde na simu mkononi?

Nimepokea wageni wa namna hii miaka mingi, na nimeharibu mapokezi ya kutosha kuweza kumshauri mtu. Likizo hii huharibikia kwenye kalenda, mwezi wa Novemba, familia inapochagua tarehe mbaya na kupanga sherehe siku ambayo mgeni hajapata usingizi. Kwa hiyo nitakaa sana kwenye tarehe na barabara. Mambo ya mbuzi na chapati mnayajua kuliko mimi.

Kabla tiketi haijalipiwa

Chagua siku ya kufika kwa kuangalia barabara kwanza, ndege baadaye. Kati ya tarehe 22 na 24 Desemba, Nairobi nzima huwa inahamia magharibi, na karibu kila gari linaloelekea Eldoret, Kericho, Kisumu au Kakamega linapitia hapa kwetu. Siku za kwanza za Januari mkondo hugeuka, kila mtu akiwahi kazi na ufunguzi wa shule.

- Bora mgeni afike kabla ya tarehe 18 Desemba.
- Ikishindikana, afike tarehe 25 yenyewe au 26. Barabara huwa imetulia.
- Kurudi, aondoke Nakuru kabla ya mkesha wa mwaka mpya, au asubiri hadi wiki ya pili ya Januari.

Najua utaniambia, "Krismasi bila yeye mezani si Krismasi." Basi ifanyeni tarehe 27. Nimeona familia moja ya Bahati ikila Krismasi yake tarehe 28, pilau moto, watoto wamelala vizuri, na hakuna aliyelalamika isipokuwa mjomba mmoja ambaye hulalamika kila mwaka.

Karatasi za watoto

Hapa ndipo watu wengi hukwama. Tangu Januari 2024 Kenya haitoi viza tena. Mgeni anayetumia pasipoti ya Marekani au Uingereza huomba kibali cha kielektroniki, eTA, kabla ya kupanda ndege. Wazazi wana pasipoti ya Kenya, watoto wana ya Marekani au Uingereza, na mzazi anadhani mtoto atapita chini ya mbawa zake. Hapiti. Hata mtoto mchanga anahitaji kibali chake.

"Lakini kwa Katiba ni Mkenya, baba yake ni mtu wa Subukia!" Ni kweli, mtoto wa Mkenya ni Mkenya hata akizaliwa Minneapolis. Ila karani wa ndege huko hasomi Katiba, anasoma pasipoti iliyo mkononi mwake.

- Ombeni kupitia tovuti ya serikali yenyewe. Kuna tovuti nyingi za mawakala zinazofanana nayo na kutoza zaidi.
- Wazazi waangalie pasipoti zao za Kenya ni zile mpya za Afrika Mashariki zenye chipu. Kugundua hilo wiki moja kabla ya safari ni kujitafutia presha.
- Majina kwenye kibali yalingane na ya pasipoti, herufi kwa herufi. Kama mtoto ana Kipchumba au Wanjiru katikati, aandikwe hivyo hivyo.

Neno moja juu ya malaria

Mji wa Nakuru uko juu, kama mita 1,850, na malaria si tatizo kubwa hapa. Lakini wageni hawakai hapa tu. Wataenda Bogoria na Baringo, watashuka kwa wakwe Busia au Siaya. Mtu aliyekaa ng'ambo miaka minane amepoteza ile kinga aliyokua nayo, na watoto wake hawakuwahi kuwa nayo kabisa. Usimwambie "wewe ni mtu wa huku, damu yako inaijua." Aonane na daktari huko aliko, apewe dawa za kuzuia, azimeze hadi siku ya mwisho aliyoandikiwa, hata kama ameshafika kwake. Na akipata homa baada ya kurudi, amwambie daktari mapema kwamba alikuwa Kenya.

Usiku wa kwanza walale Nairobi

Ndege nyingi kutoka Ulaya na Marekani hutua jioni au usiku. Mpaka mizigo itoke ni saa tano usiku. Hapo ndipo shangazi mmoja husema, "Si tuwalete tu, ni masaa mawili na nusu." Mkatalie, kwa heshima.

Kutoka Nairobi hadi Nakuru ni kilomita kama 160, lakini usiku ni barabara nyingine kabisa: ukungu mzito Limuru hadi Kinungi, matrela yaliyoharibika bila taa, na dereva aliyekesha uwanja wa ndege. Chukueni chumba karibu na uwanja, au walale kwa binamu Ruiru. Asubuhi wanywe chai, mwondoke kumekucha, saa moja hivi, ukungu ukianza kuinuka. Gharama ya chumba ni ndogo kuliko ya kuvuta gari kutoka mtaroni.

Barabara zenyewe

Wasomaji huniuliza "ipi ni nzuri?" kana kwamba kuna moja. Inategemea siku, mvua, na gari lako.

Ya juu, kupitia Limuru, Fly-Over na Naivasha. Ndiyo ya wengi. Upanuzi wa barabara ya Rironi hadi Mau Summit ulizinduliwa mwishoni mwa Novemba 2025, kwa hiyo tarajia mitambo, michepuko na sehemu ambazo njia iliyokuwapo wiki jana leo haipo. Usimwamini mtu anayekwambia "nilipita mwezi uliopita, iko sawa." Mpigie aliyepita leo asubuhi.

Ya chini, kupitia Mai Mahiu. Hii ilijengwa na wafungwa wa kivita wa Kiitaliano wakati wa Vita Kuu ya Pili, na kanisa lao dogo bado liko pale kando ya barabara. Simama uwaonyeshe watoto ukipata mahali salama pa kuegesha. Ni nyembamba, ina mteremko mkali na malori mengi. Mvua kubwa ikinyesha, iache. Aprili 2024 maji yalishuka usiku pale Mai Mahiu na kuua watu wengi waliokuwa wamelala.

Ya Nyandarua, kutoka Fly-Over kupitia Njabini, Ol Kalou na Dundori, ukitokea upande wa Lanet. Ni ndefu kidogo na ina baridi, lakini siku ambayo Naivasha imefungana, utafika ukiwa unacheka. Jaza mafuta kabla hujaiingia.

Anayekwenda Narok, Bomet au Kisii asije Nakuru kabisa, akate Mai Mahiu apitie Narok. Anayeendelea Eldoret anaweza kupitia Mogotio na Eldama Ravine akawaachia wengine foleni ya Mau Summit.

Makosa ambayo huwa nayaona kila mwaka:

- Kutengeneza mstari wa pili au wa tatu foleni ikisimama. Wakenya tunajifungia wenyewe hivi: magari ya kwenda yakijaza upande wa kurudi, hakuna wa kwenda wala wa kurudi. Kaa kwenye mstari wako hata wakikupigia honi.
- Kuondoka saa sita mchana tarehe 23 kwa sababu "wengine watakuwa wametangulia." Hata hao wengine walifikiri hivyo. Mwaka mmoja nilitoka Westlands saa nane mchana nikafika Gilgil saa tano usiku, na mtoto wa dada yangu alikuwa amemaliza biskuti zote tangu Naivasha.
- Kujaza buti viazi na karoti za Soko Mjinga wakati wa kwenda. Nunua wakati wa kurudi.
- Kusimama Kikopey kula nyama choma ukiwa na watoto wenye usingizi. Wataila siku nyingine.

Mkipita Nakuru kuelekea Salgaa

Hii nataka uisome polepole. Kutoka Mau Summit kushuka Sachangwan, Migaa na Salgaa ni mteremko mrefu, na kuna madereva wa malori wanaotoa gia ili kuokoa mafuta. Breki zikichemka, lori halisimami tena. Saa za usiku kuamkia alfajiri ya 31 Desemba 2017, basi na lori viligongana pale Migaa na watu 36 wakafa, wengi wao wakiwa safarini kama nyinyi. Tangu hapo kizuizi cha katikati kimejengwa na hali imekuwa afadhali, lakini mteremko ni ule ule.

- Pita mchana.
- Usikae mbele ya lori kwenye mteremko. Liache lipite, au liache nyuma kabisa.
- Gari dogo mwisho ni kilomita 100 kwa saa, gari la abiria 80, na 50 kwenye miji. Mkiwa kwenye matatu na dereva anavuka hapo, mwambieni. Abiria watatu wakisema pamoja, husikia.
- Lori la mafuta likianguka, ondokeni. Januari 2009 hapo Sachangwan zaidi ya watu mia moja waliungua na kufa wengi wakichota petroli.
- Wekeni kwenye simu 112 au 999, na 1199 ya Msalaba Mwekundu.

Gari la kukodi, au matatu?

Mgeni aliyeendesha upande wa kulia miaka kumi asipewe usukani siku mbili za kwanza. Barabarani kukiwa na magari mengi atafuata wenzake. Hatari ni asubuhi tulivu anapotoka kituo cha mafuta peke yake na mkono ukamrudisha upande wa kulia. Kama lazima aendeshe, mtu akae kando yake na kazi yake iwe moja: kusema "kushoto."

Ukikodi, piga picha gari lote, ndani na nje, na kipimo cha mafuta, mwenyewe akiwa amesimama hapo. Ulizeni kwa maandishi bima inafunika nini na nani anayeruhusiwa kuendesha. Angalia tairi la akiba, jeki na pembetatu za kuonya. Mimi nilikabidhiwa gari lenye tairi la akiba lililotoboka, nikaligundua nikiwa Kinungi, kwenye ukungu.

Matatu za viti vichache za Nairobi na Nakuru ni za haraka na zinaondoka mapema, lakini Desemba nauli hupanda hata mara mbili na wapigadebe hujua mtu mgeni kwa viatu vyake. Kata tiketi ofisini, usimkabidhi pesa mtu wa njiani. Watoto wadogo waliozoea viti vyao maalumu vya gari waje navyo, kwa sababu matatu haina. Treni ya zamani ya Nairobi hadi Kisumu, iliyorudishwa Desemba 2021, hupitia Nakuru na watoto huipenda, ila uliza kituoni ratiba ya wiki hiyo kabla hujawaahidi.

Siku ya kwanza si ya sherehe

Nilimpokea kaka yangu mara ya kwanza kwa hema la watu mia, spika mbili, mchungaji na kwaya. Alikuwa ametoka Boston, akabadilisha ndege Amsterdam, akafika nyumbani mchana. Katikati ya hotuba ya pili alilala akiwa amekaa, sahani ya pilau mapajani. Mkewe alitabasamu kwa saa nne. Mtoto alitapika kwenye zulia la mama. Watu waliondoka wakisema kaka amekuwa na maringo, na maneno hayo yalidumu mpaka Pasaka.

Tangu hapo tunafuata mpango huu kwa mgeni wa siku kumi na mbili:

- Siku ya 1 na 2: wanalala. Wazazi wao tu ndio wanaowaona, na ndugu wa tumbo moja wakivumilia kidogo. Majirani wapelekewe salamu.
- Siku ya 3: wazee. Mgeni awaendee shosho, guka au kogo walipo, asiwangoje waje. Siku hii isiwe na kitu kingine.
- Siku ya 4: mkutano mkubwa, mara moja tu, nyumbani kwa mmoja. Mbuzi achinjwe siku hii. Asiyeweza kuja ameshapata habari mapema.
- Siku ya 5 hadi 9: matembezi, lakini siku mbili katikati ziachwe tupu kabisa.
- Siku ya 10 na 11: shughuli za kifamilia zilizobaki, na kufunga mizigo.
- Siku ya 12: barabarani.

"Siku mbili tupu ni kupoteza muda, amelipia tiketi ghali!" Hizo siku mbili ndizo mama yako atakazozikumbuka. Ndipo mtu anapokaa jikoni kumenya viazi na kusema lile alilokuja kulisema.

Na tafadhali, msichanganye mahari (ruracio au koito), kumbukumbu ya mwaka ya marehemu, shukrani ya kanisa na Krismasi kwenye wiki moja. Chagueni moja, nyingine ifanyike kwa video.

Ndiyo, watasikia baridi

Hili hushangaza watu. Mtu ametoka mahali ambapo maji yanaganda mtoni, anafika Elburgon au Molo, na usiku anatetemeka kuliko mwenye nyumba. Sababu ni rahisi: huko nyumba zina joto ndani, huku baridi ya nje ndiyo ya ndani. Desemba mchana wa Nakuru ni jua zuri, usiku nyuzi hushuka, na Mau hushuka zaidi.

- Blanketi mbili kila kitanda, na soksi.
- Chupa ya maji ya moto kwa wazee na watoto.
- Koti moja lisifungwe kwenye sanduku. Walishike mkononi tangu Nairobi.

Halafu onyo ambalo silifanyii mzaha: jiko la makaa lisiingie chumba cha kulala. Kila msimu wa baridi kuna familia inayolala na jiko na kutoamka. Moshi wake mbaya zaidi hauonekani wala haunuki. Mgeni hajui hili, na mwenyeji kwa kutaka kumfurahisha humwekea jiko mlangoni. Usimwekee.

Watoto waliozoea theluji

Tuseme ukweli, hatuna theluji Nakuru. Kitu cha karibu kilitokea Septemba 2008, mvua ya mawe ilipoanguka Busara karibu na Nyahururu na barafu ikalala shambani kama shuka, watu wakatoka kwenda kuishika. Usiwaahidi watoto hilo.

Waambie badala yake habari ya Philip Boit. Ni mkimbiaji wa upande wa Eldoret ambaye hakuwahi kuona theluji, akapelekwa Finland kujifunza kuteleza, na Februari 1998 akawa Mkenya wa kwanza kwenye Olimpiki ya majira ya baridi, kule Nagano, Japani. Alimaliza wa mwisho kwenye kilomita 10, kama dakika 20 nyuma ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, na Dæhlie alikuwa bado amesimama kwenye mstari akimngoja, akamkumbatia. Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Akiwa nyumbani alifanya mazoezi kwa skii za magurudumu kwenye lami. Mtoto anayejua kuteleza akisikia hivyo huanza kuiangalia barabara ya Eldoret kwa jicho jingine. Skii za magurudumu zibaki kwenye hadithi, lakini. Lami yetu ya Desemba si ya kuchezea.

Wanachotaka watoto hawa ni mteremko, kasi na kuchafuka. Tunavyo.

Hell's Gate, Naivasha. Baiskeli hukodishwa langoni na utaendesha kati ya pundamilia. Jaribu breki kabla ya kulipa. Kuhusu korongo lenyewe, waulize walinzi kama limefunguliwa, na mawingu yakijikusanya hata mbali, msishuke. Mwaka 2012 na tena 2019 watu walisombwa na maji humo na kufa, mvua ikiwa imenyesha kwingine.

Menengai. Ni hapa juu ya mji tu. Nenda asubuhi, pamoja, na ushike mkono wa mtoto ukingoni, kwa sababu sehemu kubwa haina uzio. Watoto hupenda kuambiwa kwamba wamesimama kwenye mdomo wa volkano na mvuke wake unachimbwa kuzalisha umeme.

Ziwa Nakuru. Mgeni aliyeondoka 2005 atakuja akitafuta flamingo wa picha za zamani. Mwambie mapema: maji yamepanda sana miaka hii, hata lango la zamani lilifunikwa, na flamingo wengi huhamia Bogoria. Vifaru wapo, na twiga. Malipo ni kwa eCitizen, pesa taslimu hazichukuliwi, na anayedai bei ya mwananchi aje na kitambulisho au pasipoti ya Kenya. Lipeni usiku wa kuamkia safari, mtandao wa langoni una tabia zake.

Bogoria. Njiani mnavuka ikweta Mogotio, pigeni picha. Chemchemi ni za maji yanayochemka kweli, baadhi zimemezwa na ziwa, na ardhi ya kandokando inaweza kubomoka chini ya mguu. Mtoto mdogo abebwe. Kuna joto, bebeni maji.

Nyahururu. Maporomoko ya Thomson, mita 74. Njia ya kushuka chini huteleza ikinyesha, na waliozoea kuteleza hujiamini kupita kiasi.

Chagueni matatu kati ya haya matano.

Maji na tumbo

Chemsheni maji ya kunywa au nunueni ya chupa siku za mwanzo. Mursik, kachumbari na matunda yasiyomenywa vingoje siku ya tatu, tumbo likishatulia. Msichukulie kama dharau.

Mwenye mtoto wa maziwa ya unga asikie hili pia. Visima vingi vya bonde letu vina floraidi nyingi, ndiyo iliyotutia rangi meno sisi wengi wa Nakuru. Kuchemsha hakuiondoi. Dayosisi Katoliki ya Nakuru imekuwa ikiichuja kwa mkaa wa mifupa, kwa hiyo si siri wala ushirikina. Kwa wiki mbili mtu mzima hana la kuogopa, ila maziwa ya mtoto mchanga yachanganywe na maji ya mvua yaliyochemshwa au ya chupa.

Pesa, na yale yasiyosemwa

Mgeni ana bajeti, na ninyi mna matarajio. Njia pekee ninayoijua ni mtu mmoja wa familia, mara nyingi dada mkubwa, aulizwe kwa siri na mgeni: nani anahitaji nini kweli? Kisha mgeni aamue kabla hajapanda ndege, ajipangie kiasi, kikiisha kimeisha. Anayetoa ovyo siku ya tatu hukopa siku ya kumi.

- Laini yake ya simu afufue mapema, au asajili mpya kwa pasipoti. Bila M-Pesa Nakuru atakuwa kama mtoto.
- M-Pesa hutuma hadi shilingi 250,000 kwa mara moja na 500,000 kwa siku. Malipo makubwa zaidi yapangwe kupitia benki.
- Karo ya Januari ilipwe shuleni moja kwa moja.

Halafu mashamba. Desemba ndiyo msimu wa "kuna ploti Njoro, mwenyewe ana shida, Januari bei inapanda." Shamba la kilimo linahitaji ukaguzi rasmi wa hati, kibali cha bodi ya ardhi, na wakili ambaye si wa muuzaji, na ofisi hizo zina likizo kama zako. Siku kumi na mbili zinatosha kuliona shamba, kuongea na majirani na kumpa wakili mamlaka kwa maandishi. Kulipa ni baadaye. Akikuambia mteja mwingine yuko njiani na pesa, mwache huyo mteja afike.

Siku ya kurudi

Ndege ya usiku wa manane humdanganya mtu. Mwondoke Nakuru asubuhi ya siku hiyo, au jana yake kama ni wiki ya kwanza ya Januari. Kuagana kufanyike nyumbani usiku uliotangulia. Msafara wa magari manne kumsindikiza hadi uwanja wa ndege ni magari manne zaidi kwenye foleni.

Mzigo ndio vita vya mwisho. Majani ya chai, kahawa na unga wa wimbi uliofungwa dukani kwa kawaida hupita vikitajwa kwenye fomu. Nyama, maziwa, mursik, parachichi na matunda mabichi vitatupwa, na faini juu yake. Zile ngozi na kofia za kondoo zinazouzwa kwenye ukingo wa bonde ni nzuri kwa baridi ya huko, lakini azitangaze forodhani, na aulize kwanza nchi yake inasema nini.

Mashirika mengi huruhusu kilo 23 kwa sanduku, na mama ataongeza kitu dakika ya mwisho akidhani hamumwoni. Azimeni mizani ya kuning'iniza kwa muuza viazi wa jirani, pimeni kila sanduku usiku, fungeni, na funguo akae nazo mgeni.